Kabla hujabadilishiwa spea, fundi aendeshe gari lako kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na wasomaji wote. Naomba nafasi niongelee kitu ambacho kinawala watu hela kimya kimya na siku moja kitaua mtu barabarani, nacho ni gari kutetemeka alafu mafundi wanaanza kubadilisha spea kwa kubahatisha bila hata kulipanda hilo gari na kulisikia.

Nazungumzia hasa hizi Toyota HiAce za zamani, zile za kuanzia 1989 mpaka 2004, ambazo huku Arusha zilibeba sana watalii, zikichoka zinauzwa na watu kama sisi tunazinunua, tunang'oa siti za nyuma tunaweka kitanda, jiko la gesi, tenki la maji na betri ya pili, unakuwa na gari la kulala familia, mnaenda zenu Tanga au Iringa mnapaki mnalala. Ni gari zuri, injini yake ya dizeli ya kizamani haina mambo mengi, spea zipo kila mji. Ila ni gari la injini mbele na tairi za nyuma ndo zinasukuma, kwa hiyo katikati hapo chini ya kitanda chako kuna propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi kwenda tairi za nyuma, inazunguka kwa kasi sana, na nyingi zenye bodi ndefu propela yake ni vipande viwili, ina krosi tatu (yale maungio yanayoiruhusu kupinda huku inazunguka) na senta beringi moja, beringi inayoishikilia propela katikati, inayoning'inia kwenye chasisi. Gari likishafika umri huo kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuleta mtetemo, na tairi nazo zinaweza, na injini nayo inaweza, sasa fundi anayekwambia "hii ni tairi tu mama" akiwa amesimama nje ya gari, amejuaje?

La kwetu lilikuwa likifika 70 linaanza kuvuma miguuni, likifika 80 mpaka vikombe kwenye kabati vinagongana, ukishuka 50 pale kwenye vijiji linatulia kabisa kama halina shida. Gereji ya kwanza, jina naliacha, walisema balansi ya tairi, wakafanya, hamna kitu. Wakasema shokapu, tukanunua za nyuma zote mbili. Hamna kitu. Wakasema mauntingi ya injini, zile raba zinazoishikilia injini, tukanunua tena. Kila mara gari linarudi vile vile na hela imeshaenda, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kukaa nyuma ya usukani akalipeleka barabara kuu, walikuwa wanalizungusha uani tu humo humo gereji, ambapo hata 30 hufiki.

Aliyetusaidia ni kijana fundi wa mtaani ambaye kitu cha kwanza alichosema ni "mama, hebu tuendeshe kwanza, wewe endesha mimi nisikilize." Alichofanya siku ile nakieleza hapa chote maana hakihitaji mashine wala kompyuta, na mwenye gari yeyote anaweza kukifanya kabla hajatoa hata shilingi.

Kwanza kabla ya kuondoka alikaza nati za tairi zote kwa wili spana, akapitisha mkono kila tairi kutafuta nundu. Hili ni la usalama, mtu asiliruke. Tairi likianza kuachana tabaka ndani linafanya uvimbe, linatetemesha gari na baadae linapasuka, na magari ya kulala yana hatari hii zaidi kwa sababu yanakaa muda mrefu yamepaki, kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara) zinaonekana mpya kabisa kumbe tairi limezeeka. Angalia ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, ikiwa 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Watu wananunua tairi za mtumba wanaangalia kashata tu hiyo tarehe hawaiangalii. Alafu akachungulia ndani ya rimu kwa upande wa ndani, matope. Msimu wa mvua tope linaingia kwenye rimu linakauka kama zege upande mmoja, balansi yote imekwisha, na propela nayo inabeba tope. Kwa hiyo kabla ya yote osha gari chini, osha rimu kwa ndani, osha propela, kuna watu ugonjwa wao unaishia hapo na walikuwa wameshaandikiwa orodha ya spea ukurasa mzima.

La kwetu halikuishia hapo, tukaingia barabarani.

Hapa ndo penye utamu wote. Akaniambia nifike ile 80 linapotetemeka nikiwa gia ya tano, nishike mwendo hapo hapo, alafu niweke gia ya nne bila kubadilisha mwendo. Fikiria kinachotokea. Gari bado ni 80, kwa hiyo tairi zinazunguka vile vile na propela inazunguka vile vile, ila injini imepanda mizunguko. Kama mtetemo umebadilika, umepanda au umehama, tatizo liko mbele, injini, klachi, mauntingi. Kama mtetemo umebaki ule ule basi injini haina kosa, tafuta kuanzia giaboksi kwenda nyuma. La kwetu ulibaki ule ule. Yaani kwa dakika moja tu mauntingi tuliyouziwa ikathibitika haikuwa na sababu.

Jaribio la pili, barabara imenyooka, tambarare, hakuna gari nyuma, unakanyaga klachi kwa sekunde chache injini ishuke huku gari linaserereka. Mtetemo ukiendelea basi umethibitisha tena kwamba ni propela, difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma), ekseli au tairi. Usizime injini hata kidogo, breki zitakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga, na usifanye mchezo huo kwenye mteremko kama Kitonga, ni kutafuta kifo.

La tatu ni kukanyaga mafuta na kuachia. Mtetemo wa tairi haujali sana umekanyaga au umeachia, upo tu kwa mwendo wake. Ule wa krosi iliyokufa au pembe mbaya ya propela unabadilika, ukikanyaga unaongezeka au ukiachia ndo unakuja, na mara nyingi utasikia pia mlio mmoja wa chuma, "ta!", unapotoka fri kuingia gia ya kwanza au ya rivasi. Na kama gari linatetemeka pale tu unapoondoka, toka 0 mpaka 30 hivi, likiwa limebeba mzigo, alafu linatulia, mshuku senta beringi, ule mpira wake ukichanika propela inanyanyuka katikati inapogeuzwa kwa nguvu.

La nne ni wapi unausikia. Usukani ukicheza mikononi, anzia tairi za mbele. Siti na sakafu zikivuma, nenda nyuma. Hii si sheria ya kuapia lakini inasaidia, na ukiiunganisha na hesabu inasaidia zaidi. Chukua tairi lenye mzingo wa mita 2.1, kwa mwendo wa 80 linazunguka kama mara 10 na nusu kwa sekunde. Difu ikiwa na uwiano wa 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, propela inazunguka zaidi ya mara 43 kwa sekunde hiyo hiyo. Sasa mara 10 kwa sekunde ni mtikisiko, mwili unausikia unatikiswa, karibu unaweza kuuhesabu. Mara 43 ni mvumo, unauma masikioni na kwenye nyayo, huwezi kuuhesabu. Na krosi ikikaa kwenye pembe mbaya inatikisa mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo hapo ni kama mara 87, mvumo mwembamba zaidi. Simu nyingi za siku hizi zina kihisi cha mtikisiko na kuna programu za bure zinachora mtikisiko kwa sekunde, unaiweka simu sakafuni inakuonyesha kama ni mtetemo wa 10 au wa 40. Kwa ule wa juu kabisa simu nyingine haziwezi kufuatilia, lakini kutofautisha tairi na propela inatosha, na fundi hawezi kubishana na namba.

Basi tukarudi, gari likapandishwa, na naomba nisisitize kwenye stendi za chuma na sio kwenye jeki peke yake wala matofali, watu wamelaliwa na magari kwa ajili ya matofali. Akashika propela kwa mikono miwili karibu na kila krosi akaigeuza mbele nyuma na kuisukuma juu chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Moja ya nyuma ilikuwa na vumbi la rangi ya kutu limezunguka kikombe chake, vumbi laini kama poda ya pilipili, akaniambia hiyo ni dalili kwamba grisi imekauka zamani na vile vipini vidogo vya beringi vinasagana vyenyewe. Senta beringi nayo mpira wake ulikuwa umechanika na fundi fulani wa zamani alikuwa amefunga mpira wa baiskeli kuzunguka ili ibane, kwa hiyo propela ilikuwa inakaa pembeni kidogo badala ya katikati.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi ni hiki. Propela ina sehemu inayoingia na kutoka kwa meno ili iweze kurefuka na kufupika gari likicheza kwenye springi. Hiyo sehemu ikichomolewa, ni lazima irudishwe pale pale ilipokuwa, maana forki za krosi, zile ncha mbili za chuma zinazoishika krosi, zinatakiwa zikae mstari mmoja. Sababu ni kwamba krosi ikiwa imepinda haipeleki mzunguko sawasawa, inaharakisha na kuchelewesha mara mbili kila mzunguko, na krosi inayofuata kazi yake ni kufuta hilo kosa la mwenzake, ila inaweza kulifuta tu kama forki zimekaa sawa na pembe zinalingana. Ukiirudisha kwa kuruka meno mawili matatu, badala ya kufuta inaongeza. Gari letu lilishawahi kushushwa giaboksi kubadilishwa klachi, propela ikatolewa, na aliyeirudisha hakuweka alama yoyote, tulipoangalia forki zilikuwa zimepishana wazi kwa macho. Alama ya chaki au nukta mbili za sentapanchi kabla ya kufungua, bure kabisa, zingetosha kuzuia yote hayo. Mwambie fundi wako wakati wowote anaposhusha giaboksi au difu: weka alama kwenye flenji (pale propela inapofungwa kwa bolti) na kwenye meno. Mwambie ukiwa umesimama pale.

Jambo lingine ambalo linahusu sana hizi gari za kulala ni springi. Watu wakishaweka kitanda na tenki wanaona gari limekaa chini nyuma, wanaongeza pleti kwenye springi. Gari linanyanyuka, linapendeza, na mtetemo unaanza wiki hiyo hiyo maana pembe za propela zimebadilika zote, hasa pale kwenye senta beringi ambayo yenyewe inapanda na bodi wakati difu imebaki chini. Jaribio lake ni rahisi, endesha gari tupu alafu jaza tenki la maji na wapande watu watatu nyuma uendeshe tena barabara ile ile. Lita 60 za maji ni kilo 60, ongeza na watu watatu, springi zinashuka. Mtetemo ukipungua au ukibadilika kwa mzigo, ni pembe, usinunue tairi. Pembe zinapimwa hata kwa simu, ile programu ya kupimia usawa, unailaza kwenye bomba la propela alafu kwenye flenji ya difu unatoa tofauti. Krosi inayopinda zaidi ya digrii 3 kwa mwendo wa barabara kuu inaanza kuleta maneno, na inayonyooka kabisa sifuri nayo si nzuri kwa sababu vipini vyake havizunguki vinachimba sehemu moja. Marekebisho ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli, au washa za kushusha na kupandisha senta beringi. Hizo ni spea za bei ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha difu nzima, na najua mtu aliyebadilishiwa difu nzima.

Kwenye balansi ya propela yenyewe, kuna vile vibati vidogo vimechomelewa kwenye bomba, ukiona alama ya kuchomelea na kibati hakipo basi kimedondoka na propela haina balansi tena. Bomba likigonga jiwe likabonyea ni hivyo hivyo. Hapa kuna njia ya klipu za hozi ambayo ni ya kazi lakini inafanya kazi: unaweka alama nne kwenye bomba karibu na krosi ya nyuma, unafunga klipu moja ya hozi kichwa chake kikiwa kwenye alama ya kwanza, unaendesha, unahamisha alama ya pili, unaendesha, mpaka upate upande ambao mtetemo unapungua, ukitaka uzito zaidi unaongeza klipu ya pili. Hakikisha zimebana sana na hazigusi kitu. Ila kama kuna mji una mashine ya kubalansi propela peleka huko, ndo tiba kamili.

Kuna watu pia wana Kombi za Volkswagen za zamani na wanatapeliwa kirahisi, sasa wajue Kombi ya zamani injini iko nyuma na haina propela kabisa, kwa hiyo anayekwambia propela kwenye gari hilo mshukuru uondoke. Kwa hizo tafuta tairi, beringi za habu, na sivijointi (maungio) za ekseli za nyuma kama mpira wake umepasuka na grisi imemwagika.

Na kama jaribio la gia limeonyesha ni injini, HiAce zenye pampu ya kizamani fundi mwenye uzoefu analegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma taratibu, silinda ambayo ukiilegeza injini haibadiliki ndo iliyolala. Wewe mwenye gari usifanye, dizeli inatoka kwa presha kubwa inaweza kupenya ngozi, na kwenye injini mpya za komoni reli hata fundi asiguse hivyo.

Kwa nini nasema kitaua mtu? Kwa sababu krosi iliyokauka haiishii kwenye mvumo. Inakatika. Ikikatika ya nyuma propela inaburuzika na kupiga chini ya gari, ambako kuna bomba za mafuta, bomba za breki na waya wa hendibreki. Ikikatika ya mbele, ncha inaangukia lami na inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari, na mara nyingi inapasua mkia wa giaboksi pia. Juu yake tumelaza watoto. Mtetemo ulioanza ghafla, au unaokua wiki hadi wiki, gari lisiende safari mpaka ujulikane, hata kama sikukuu ni kesho na watu wameshafungasha.

La kwetu lilibadilishwa krosi zote tatu na senta beringi, forki zikapangwa mstari, basi. Shokapu za zamani tulirudisha maana zilikuwa nzima, zile mpya tumeziweka stoo.

Kwa wenye gereji nasema kwa heshima, najua wateja wengi wanataka gari litoke leo leo na hawataki kulipia muda wa kuendesha. Basi wekeni bei. Andikeni ubaoni kuendesha na kupima ni shilingi kadhaa, sisi tutalipa, ni afadhali nilipe hiyo kuliko shokapu nisizozihitaji. Na spea ya zamani mteja aonyeshwe, aishike, aone imekufa wapi. Kwenye vyuo vya ufundi nako walimu wawape vijana hili jaribio la gia ya tano na ya nne siku ya kwanza kabisa wanapofundishwa propela, halichukui hata dakika kumi.

Ombi langu la mwisho ni kwako Mhariri. Karakana zenye mashine ya kubalansi propela mikoani hazijulikani, mtu wa Singida au Songea anaambiwa aende Dar bila kujua kama kuna ya karibu. Naomba uruhusu wasomaji waandike kwenye ukurasa huu mji waliko na kama mashine ipo na inafanya kazi, na mafundi wenye mashine hizo waandike wenyewe wakitaja na bei zao.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mwenye HiAce, Arusha